Sainte Barbe wa Vichwa Viwili

Kijiwe cha Mama Albertine, nyuma ya soko la Kikula, hakina mlango wala saa. Kina benchi moja, mbabula ya makaa yenye birika la kahawa, na maneno yasiyokwisha. Jumamosi ile Édouard, waliyemwita Fondeur kwa kuwa maisha yake yote alimimina shaba kwenye kalibu, alikuja amekumbatia boksi. Mhandisi mmoja Mbelgiji alimwachia alipokuwa anarudi kwao. Ndani mlikuwa na vipande vya mwanamke wa rezini, ile plastiki nzito ya kijivu: mikono mbali, miguu mbali, upanga mbali. Picha ya juu ya boksi ilikuwa imeoza kwa mvua. Lakini mwanamke mwenye upanga ni nani, kama si Sainte Barbe, mlinzi wa watu wa mgodini? Jumatatu mtoto wa Édouard, Germain, angeshuka chini ya ardhi kule Kambove kwa mara ya kwanza, na Bibiane, mama mtu, usingizi ulikuwa umemhama. Édouard alimwahidi kwamba leo hii atapata mtakatifu wa kumwombea mtoto. Ahadi ni deni, na moyoni Fondeur alikuwa na hofu kubwa kuliko Bibiane.

Kazi aliianza vizuri. Aliosha vipande kwa sabuni, maana kitu chochote kikitoka kwenye kalibu hutoka na mafuta yake. Alikata mikia ya kumiminia iliyobaki kwenye vipande, akapiga tupa, akatoboa shingo na kuchomeka kipande cha waya wa shaba. Halafu, chini ya boksi, akakuta kichwa cha pili.

— Aa! alisema Fondeur. Muntu mumoja, vichwa viwili?

— Miye najua, alisema Docteur, aliyepata jina hilo kwa kubeba machela tu hospitalini. Iyi ni maladie, bugonjwa. Batoto bengine banazaliwa vile.

— Bongo, uongo mutupu! alidakia Locomotive, mstaafu wa reli asiyejua kusimama akianza kusema. Ni mapasa, batoto babili mu tumbo moja. Mumoja alikufa mu njia. Fahali wawili hawakai zizi moja.

— Sasa ng'ombe banaingia wapi?

— Mwili njo zizi, Docteur! Weye hausikie?

— Ayi, hapana, alisema Docteur. Kimoja ni cha kazi, kingine cha dimanche, siku ya misa.

Locomotive alitazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti.

— Sikieni. Kimoja kinasali na weye. Kingine kinaenda kumwambia chef wa cellule ya chama mambo uliyosali.

Mama Albertine akakohoa kwa nguvu. Kwa muda kila mtu alisifia kahawa.

Fondeur kichwa chake mwenyewe kilikuwa kinamzunguka. Upanga nao ulikuwa umepinda. Bila kuomba ruhusa akautumbukiza kwenye birika la moto, akautoa umelainika, akaunyoosha kwa vidole.

— Fondeur! Kahawa yangu!

— Samahani, mama. Ni kwa ajili ya Germain.

— Germain atakunywa sabuni?

Mama Albertine akamwaga birika lote mtaroni huku anasonya. Wakati huo gundi ya vichupa viwili, aliyokwisha kuichanganya, ilikuwa imeanza kuwa nzito. Fondeur akashika kichwa huku na kichwa huku: kimoja kitupu chenye nywele, kingine chenye kofia ya chuma iliyofunika uso mpaka kidevu.

— Chagueni, bandugu! Inakamata!

— Casque! alisema Docteur.

— Casque! alisema Locomotive, na hiyo ndiyo mara pekee waliyopatana mwaka ule. Unaweza kushuka mu shimo bila casque? Porion, mukubwa wa mugodi, atakurudisha ku nyumba!

Hapo Fondeur alituliza roho. Mlinzi wa watu wa mgodini lazima avae kofia. Akakandamiza kichwa cha kofia, waya ukaingia shingoni, na Sainte Barbe akasimama juu ya benchi. Walimpigia makofi.

Bibiane alifika kijiweni akitoka kanisani, kitambaa bado kichwani. Akamchukua yule mwanamke wa kijivu kwa mikono miwili.

— Ooh, Baba Germain! Ni muzuri sana, asante.

Akamgeuza. Akamgeuza tena.

— Mais, macho yake iko wapi?

— Iko ndani ya casque, Mama Germain. Ni ya mugodi.

— Casque, mutoto iko nayo, kampuni ilimupatia. Mu shimo ni giza. Huyu ataona Germain wangu na macho gani?

Docteur alikuwa ameshika kichwa kile kingine kiganjani, chenye macho makubwa ya wazi, hajui akiweke wapi. Fondeur akamchukua Sainte Barbe kutoka kwa mkewe, akashika kofia, akajaribu kuizungusha, kwanza polepole, kisha kwa nguvu zake zote za kiwandani. Gundi ilikuwa imeshika kabisa.