Bi Hakiki na Nukta Iliyokosekana

Baada ya miaka thelathini na sita ya uuguzi, kumi na mitano ya mwisho akiwa msimamizi wa taarifa za wagonjwa, Bi Hakiki anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limo kwenye vyeti vyake. Hili la Hakiki tulimpa sisi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkabidhi kadi ya mgonjwa bila kuulizwa, "Umehakiki?"

Alianzia wodi ya upasuaji, enzi za mafaili yaliyofungwa kwa vipande vya bendeji. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, aliifunika shuka na kuibandikia karatasi: "Mgonjwa mpya, haongei." Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyekuwa akitufundisha kuitumia.

Somo lake la kwanza halikubadilika. Aliandika ubaoni 39, basi. Hiyo ni data, alisema, bado haijatuambia kitu. Ongeza jina la mgonjwa, saa, na kwamba ni nyuzi za joto: sasa ni taarifa. Ukijua kwamba jana alipasuliwa na joto linazidi kupanda, una maarifa. "Kuinuka ukamwite daktari, hiyo ndiyo hekima," alimalizia. "Kompyuta haina miguu."

Miaka tisa iliyopita tuliona maana ya maneno hayo. Ilikuwa wiki ya pili ya mfumo mpya wa kompyuta katika wodi ya watoto. Saa nne asubuhi Bi Hakiki alikuwa ofisini kwake ghorofa ya pili akipitia orodha ya wodi, akaona mtoto wa miezi tisa mwenye kilo 84. Mtoto alikuwa na kilo 8.4. Nukta haikuandikwa, na mfumo ulikuwa umeshapiga hesabu ya dawa ya degedege kwa uzito huo, mara kumi ya inayostahili.

Alipiga simu wodini. Haikupokelewa. Akavua viatu, akashuka ngazi mbio.

Muuguzi aliyeandika uzito ule, na ambaye sasa alikuwa ameshika sindano, ni mimi ninayeandika haya. Theluthi ya dawa ilikuwa imeshaingia. Nilisikia sauti ya chini nyuma yangu: "Acha hapo hapo. Usisukume tena."

Mama wa mtoto alituangalia mmoja mmoja. "Mwanangu amepewa nini?"

Bi Hakiki ndiye aliyejibu. "Amepewa dawa nyingi kupita kiasi, mama. Kosa ni letu. Daktari anakuja, na mimi sibanduki hapa."

Hakubanduka. Alihesabu pumzi za mtoto na kuziandika kwa kalamu. Ishirini na nane kwa dakika. Ishirini na mbili. Kumi na sita. Zilipofika kumi na mbili, daktari alianza kumsaidia kupumua kwa mfuko wa hewa, na kila alipousimamisha kidogo tuliangalia kifua kile kidogo kama kitainuka chenyewe. Mama alikuwa ameshika mguu wa mwanawe. Hadi saa saba mchana hatukujua kama atapona. Kisha pumzi zikaanza kupanda, na saa tisa mtoto alilia kwa hasira, akitaka kunyonya. Bi Hakiki alikwenda dirishani, akatugeuzia mgongo kwa muda.

Kamati ya nidhamu iliyokaa wiki ile ilikuwa imeshaandaa barua ya kunifukuza. Bi Hakiki alisimama akiwa na karatasi moja. "Fomu hii ya kuingizia uzito kwenye mfumo niliijaribu mimi, nikaisaini kwamba iko sawa," alisema. "Sikuiwekea kikomo cha uzito. Binti huyu alikosea kuandika, na fomu yangu ikamkubalia. Kama mnaandika majina, anzeni na langu."

Alipewa onyo la maandishi, nami nikapewa. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameibadilisha fomu: uzito usiolingana na umri hukataliwa, na dawa za hatari husainiwa na wauguzi wawili. Tangu hapo kosa la aina ile halijamfikia mtoto mwingine wodini kwetu.

Nilipompelekea rasimu ya wasifu huu, alifuta sifa zote kwa kalamu nyekundu, akaniagiza habari ya onyo ibaki. Nimetii, isipokuwa sentensi moja niliyoirudisha bila ruhusa yake: asiyejificha nyuma ya mashine wala nyuma ya mdogo wake kazini ndiye kiongozi tuliyemtaka.

Asante, dada yetu. Mumeo na wajukuu wamekusubiri vya kutosha. Nenda ukapumzike ukiwa na afya na moyo mweupe, wodini tutahakiki.