Papa Gérard Mwenze na Karatasi Aliyokataa Kusaini

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Papa Gérard Mwenze, mtunzaji wa maktaba ya wafanyakazi wa kampuni yetu hapa Lubumbashi, anastaafu tarehe 31 Desemba 1994. Nimeombwa niandike maneno ya kufurahisha ya kumuaga. Haya, nitajaribu.

Aliingia kama mfagiaji. Kila kitabu alichokipangusa alikisoma, hadi msimamizi akachoka kumtafuta nyuma ya rafu, akampa kazi ya vitabu. Mlangoni Papa Gérard aliweka ndoo ya maji na sabuni: muntu wa fonderi atokaye kwenye tanuru, muntu wa biro, wote wanawe mikono kwanza. Mkurugenzi mmoja alikasirika sana. Akanawa.

Picha za wachoraji wa mitaani alizinunua kwa unga wa posho yake, mkewe akanuna, na alikuwa na haki. Yeye alishikilia kwamba picha ya salon, pale mnapokaribisha watu, isiyowafanya wageni wabishane ni kitambaa tu. Na kuishi vizuri, kwake, ni kumaliza kazi yako kisha kuwa na neno la kuzungumza na jirani.

Majirani! Mwaka 1992 na 1993 tuliwafukuza. Msinikazie macho, wote tulikuwepo. Watu waliozaliwa hapahapa waliambiwa warudi Kasai walikotoka wazee wao, wakalala gare siku nyingi wakingoja treni. Papa Gérard, Mkatanga wa kaskazini kama mimi, akaenda kule na daftari la maktaba. Tukasema mzee amerukwa na akili. Kumbe ameitwa na haohao waliofukuzwa! Mama Virginie, mwalimu wetu wa ushonaji, alikuwa ameacha cherehani na vitanda, lakini kitabu cha maktaba amekibeba, akirudishe. Wenzake vilevile. Papa Gérard aliandika kila jina na kitabu chake, hakikukosekana hata kimoja.

Vitabu vilivyopotea viko kwetu tuliobaki. Kurasa za vingine tumefungia karanga. Viwili viko chini ya kitanda changu.

Sasa, kwetu hakuna anayeacha kazi bila remise-reprise: anayetoka na anayeingia huhesabu vitu pamoja, halafu husaini. Safari hii hakuna anayeingia, maktaba inageuzwa depo ya saruji. Ililetwa karatasi iliyokwisha kuchapwa, inasema vitabu viliibwa na waliofukuzwa. Asiposaini, barua ya pensheni haitoki. Papa Gérard aliisoma mara mbili, akafungua daftari mbele ya Bwana Jeannot, shefu wa personeli, mwenye mafaili ya wafanyakazi wote, akamwambia kwa upole kwamba bale bantu balirudisha vitabu vyote, yeye mwenyewe aliandika. Akavaa kofia, akaenda zake. Barua yake haijatoka hadi leo.

Karatasi ile lakini ilipita. Sahihi ya shahidi mmoja wa idara ilitosha, na shahidi ni mimi. Nina watoto sita. Nilisaini.

Papa Gérard, asante kwa kazi yako. Mungu akupe afya, macho ya kusomea na uzee wenye amani. Ukinikuta njiani huko mtaani Bel-Air, pita tu, usinisalimie.