Kuku Kutoka Sakania

Benchi yetu imeegemea ukuta wa Fils, hapa mtaani Kampemba, kwa hiyo ya nyumbani kwake tunayasikia yote. Wiki hii tunamsikia mtoto. Lydie, mke wa Fils, amejifungua na maziwa hayatoki. Mtoto ananyonya bure, analia mpaka sauti inamkauka. Fils alikaa kati yetu na kikombe cha kahawa, hanywi. Alituomba shauri, maskini. Benchini kwetu jibu halikosekani: yupo Injenia, ambaye hajawahi kuingia mgodini, na Dokta, anayeuza vidonge mezani mbele ya soko.

— Maziba iko sawa maji ya robinet, alianza Injenia. Hewa iliingia mu bomba. Umupe bière nyeusi, itasukuma.

— Mutoto atalewa, Fils akasema.

— Atalala! Si njo unatafuta?

— Haiko hewa, Dokta akamkata. Iko ma-camions. Inapita hapa usiku na muchana na mawe ya mine. Ile mawe iko na sumaku, inavuta maziba ya banamuke bote ba hii avenue.

— Mbona ya bibi ya Kalaba, jirani yetu, inatoka? Fils akauliza.

— Lupango ya Kalaba, kiwanja yake, iko nyuma. Sumaku haifikake kule.

Nilicheka. Kisha mtoto akaanza tena, nikaona aibu.

— Jana Lydie alianguka ku douche akioga, Fils akasema polepole. Kichwa inamuzunguka. Miye naogopa, bakubwa. Docteur ya hospitali alisema tu akule muzuri.

— Lakini nguvu eko nayo! akasema Dokta. Dimanche, siku ya kanisa, tulikuya kuona mutoto, ni nani alitupikia? Yeye mwenyewe. Ile kuku ya Sakania, Fils! Mafuta inaelea juu!

— Miye ulinipa firigisi, Injenia akasema, amefumba macho. Vraiment, uliniheshimu.

— Na miye mapaja yote mbili, Dokta akasema.

Bawa moja lilikuwa langu.

Hapo taksi ikasimama. Akashuka mama mwenye furushi, miguu imevimba kwa safari. Ni Mama Albertine, aliyemzaa Lydie, ametoka Sakania. Tulisimama wote.

— Karibu, mama, Fils akasema, akitazama chini kama mkwe anavyopaswa.

Mama alitusalimu mmoja mmoja kwa mkono. Kisha akasikiliza kilio nyuma ya ukuta.

— Maziba bado?

— Bado, mama.

— Na ile kuku ya muzazi nilituma, ya kuleta maziba? Lydie alikula kipande gani?

Injenia alichungulia kikombe chake. Nilimtazama Dokta, mtu wa majibu yote, naye akatazama barabara.

Mama aliinua furushi lake, akaingia. Punde tu tukaisikia sauti ya Lydie ukutani, nyembamba:

— Mama, usimukasirikie Fils. Muchuzi ilinibakilia kidogo.