Haidari Muharami na Kikapu cha Kahawa cha Kamachumu

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bwana Haidari Muharami, mwanafizikia wa tiba na mkuu wa Kitengo chetu cha Mionzi na Picha, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Ana umri wa miaka hamsini na saba. Sheria inamruhusu kufika sitini, nasi tulishajipangia kwamba atafika. Anaondoka mapema kwa sababu ya damu yake, ambayo imeanza kutengeneza chembe nyeupe zisizokomaa, yaani saratani ya damu. Nilimuuliza kama niliandike jambo hili au nilizungushe kwa maneno ya adabu. Alijibu kwamba hatari isiyoandikwa mlangoni ndiyo inayoua watu, kwa hiyo niandike. Naandika, ingawa kusema kweli naogopa kila sentensi.

Alizaliwa hapa hapa Bukoba, mtaa wa Bilele, katika nyumba ya fundi cherehani ambaye ukoo wake ulifika zamani ukitokea pwani. Chuo kikuu alisomea fizikia, akanogewa na ile ya kwanta: elimu ya vitu vidogo kabisa, inayosema kwamba chembe inaweza kuwa na tabia ya wimbi, na kwamba hata mwenye hesabu zote mkononi hupewa uwezekano tu, hapewi uhakika. Wenzake wa darasani walikimbilia benki na migodini. Yeye alirudi nyumbani mwaka 1996, akakuta chumba kimoja, mashine moja ya eksirei, na kitanda cha wagonjwa chenye tofali mahali pa mguu wa nne.

Kilichomtambulisha upesi ni woga. Sina neno jingine, na yeye mwenyewe hajawahi kulikataa. Alikuwa mwoga kuliko sisi sote tukiwekwa pamoja. Ukuta wa chumba cha eksirei aliuongeza unene mara mbili, mpaka fundi mwashi akamwambia kwamba ukuta ule unazuia lori. Bwana Haidari akamjibu kwamba lori analiona likija. Mgeni rasmi mmoja aliyetaka kupigwa picha ameegemea mashine alitolewa nje kwa heshima zote, suti na msafara wake, na hakualikwa kuingia tena. Wauguzi wajawazito aliwafukuza koridoni kwetu kama kuku waliovamia mpunga. Tulimcheka sana, tukampa jina la Mzee Uwezekano, kwa sababu ukimuuliza kama jambo ni salama hakusema ndiyo wala hapana. Alikutajia uwezekano wake, kisha akakusogeza hatua tatu nyuma.

Kila Alhamisi saa nne, wakati wa chai, alitufundisha. Hakuna aliyemwomba, na mwanzoni wengi tulifuata maandazi. Alianza na vitu vya kazini kwetu, jinsi mashine ya sumaku kule Mwanza tunakopeleka wagonjwa inavyozisikiliza atomu za haidrojeni ndani ya maji ya mwili, na jinsi leza ya kliniki ya macho inavyozaliwa. Kisha akatoka nje ya uzio. Alitueleza jinsi jani la mgomba linavyopokea mwanga na kuusafirisha ndani yake, na kwamba wanasayansi bado wanabishana kama usafiri huo unaufuata mwenendo wa wimbi au la. Alitueleza kuhusu ndege wanaohama bara hadi bara, wanaodhaniwa kuiona sumaku ya dunia kwa jozi za elektroni machoni mwao. Alitueleza kwamba simu zetu, mifukoni mwetu, ni kazi ya elimu ileile. Watu wa maabara, wa famasi na hata wa jikoni walianza kuja na viti vyao.

Mbishi wake mkuu alikuwa Mchungaji Gozbert, kasisi wa hospitali. Walibishana juu ya maana ya ule uwezekano. Mchungaji alishikilia kwamba kuna sababu iliyofichika, ila sisi ndio hatuioni. Bwana Haidari alisema majaribio yameibana sana njia hiyo. Kwamba atomu inapovunjika leo badala ya kesho, huenda hakuna sababu yoyote ya kutafutwa. Siku moja aliwaeleza pia wale wanaoamini kwamba kila linalowezekana hutokea, katika ulimwengu mwingine unaochipuka pembeni ya huu. Mchungaji Gozbert akasema ulimwengu mmoja unamtosha, maana mazishi ya huu tu hayamalizi. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Mimi nilirudi kazini nikiwa nimecheka lakini moyo haujatulia. Kufanya kazi miaka yote karibu na kitu kisicho na sababu kunatisha, na sijapata dawa yake.

Sasa nifike Kamachumu, maana bila Kamachumu wasifu huu ni pambo.

Tetemeko la Septemba 2016 lilibomoa upande mmoja wa stoo yetu ya zamani. Ndani yake mlikuwa na mtungi mdogo wa risasi, ile metali inayozuia mionzi, mzito kama mtoto wa miaka miwili, wenye kidonge cha chuma chenye sesiamu, kitu kinachotoa mionzi mikali. Kilitumika enzi za nyuma kutibu saratani ya wanawake, na kilikuwa kinasubiri kuondolewa. Alama ya hatari ilikuwa imechorwa ukutani, na ukuta ulikuwa umelala chini. Wakati Bwana Haidari anakagua nyufa za chumba cha mashine, waliokuja kusaidia kuzoa vifusi walitoa na vyuma. Alipofika stoo alikuta nafasi tupu. Nilikuwa nyuma yake. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika hivyo, na hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote woga wake haukuwa tabia, ulikuwa elimu.

Alikwenda moja kwa moja Bilele kwa Riyadhi, mnunuzi wa chuma chakavu, aliyekua naye. Riyadhi hakuficha lolote. "Kaka Haidari, risasi safi kama ile haikai kwangu. Nimempa Anatory, mhunzi wa Kamachumu. Wavuvi wa huko Muleba wanaililia kuzamishia nyavu." Maana yake ilikuwa moja: mtungi ule unakwenda kuyeyushwa, na ili uyeyushwe lazima ufunguliwe. Tulipanda gari la hospitali, yeye, dereva na mimi, kipima mionzi kikiwa mapajani mwake. Njia nzima hakuondoa macho kwenye namba zake. Mimi niliongea peke yangu kama kasuku, kwa hofu.

Tulimkuta Anatory kwenye kibanda chake cha uhunzi, moto umewaka. Mtungi ulikuwa umelala pembeni, wazi na mtupu. Bwana Haidari alimsalimia kwa taratibu kabisa, kisha akauliza kilichokuwamo kimekwenda wapi. Anatory alikuna kichwa. Alisema alikigonga kifuniko kwa nyundo asubuhi, kikadondoka kidude kidogo cheusi, akakiweka mahali kisije kikapotea kwenye majivu. Alikuwa bado anajaribu kukumbuka ni mahali gani, mama yake alipotoka ndani.

Kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze kidogo. Mgeni akisimama uani kwa Mhaya bila kupewa akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna, mwenye nyumba ameaibika. Ma Kokuberwa, mama huyo wa Anatory, bibi wa miaka zaidi ya themanini, alikuwa ameona wageni watatu wamesimama mikono mitupu. Alikuja ameshika kikapu kidogo cha kahawa kwa mikono miwili, akitabasamu. Kipima mionzi, ambacho mpaka hapo kilikuwa kinadonadona, kilianza kukimbia. Kadiri alivyosogea ndivyo kilivyopiga kelele, mpaka ikawa sauti moja ndefu isiyokatika. Anatory alikuwa amekiweka kidonge ndani ya kile kikapu.

"Ma, weka chini! Usisogee!" Bwana Haidari alisema.

Bibi alisimama kidogo, tabasamu likamtoka. Alidhani nyumba yake imedharauliwa. Akafanya ambacho mama yeyote wa Kihaya angefanya: akazidi kusogea, akakiinua kikapu juu zaidi. "Mtafune kwanza, waitu. Maneno hayaendi popote."

Hapakuwa na muda wa somo la Alhamisi. Mtu aliyekimbiza wauguzi koridoni, aliyemtoa mgeni rasmi na suti yake, alipiga hatua mbele. Alipiga goti kidogo, akakipokea kikapu kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akamshukuru bibi kwa Kihaya. Kisha akageuka, akaondoka nacho kifuani hadi mwisho wa migomba, akakiweka chini. Alirudi kuchukua mtungi na koleo refu la mhunzi. Nilipotaka kumfuata alinikemea kwa sauti ambayo sijaisikia tena tangu siku ile. Alizimwaga kahawa kwenye jani la mgomba, akakitafuta kidonge kati ya buni zilizofanana nacho, akakipata, akakifungia ndani ya risasi. Kipima mionzi kikashuka, kikarudi kudonadona. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye tope, na sikumbuki nilikaa saa ngapi.

Tulipomuuliza Ma Kokuberwa kama kuna mtu ametafuna kahawa ya kikapu kile siku ile, alisema ametafuna yeye, na ziliiva vizuri.

Wataalamu walikuja wakauchukua mtungi. Vidole viwili vya Anatory vilivimba na kuchubuka, vikapona na kuacha kovu. Tangu hapo Bwana Haidari amekwenda Kamachumu kila mwaka kuipima damu nyumba nzima. Mwaka huu pia amekwenda. Ma Kokuberwa ni mzima wa afya na bado anamdai kahawa yake iliyomwagwa. Anatory naye ni mzima. Wavuvi wa Muleba hawajui walichonusurika.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwa miaka ishirini na tisa tulikwenda kwake kucheka. Alikuwa shujaa mchana mmoja tu.

Mtaniuliza kama ugonjwa huu ulitoka kwenye kikapu kile. Nilimuuliza hivyo hivyo, nikilia. Alinijibu kama alivyomjibu Mchungaji miaka yote: mionzi huongeza uwezekano, na hakuna mtu duniani anayeweza kunyoosha kidole kwenye damu na kusema ni mionzi hii, ya dakika ile. Huenda ni Kamachumu. Huenda ni kazi ya maisha yake. Huenda hakuna sababu yoyote. Mchungaji Gozbert alikuwepo, na kwa mara ya kwanza hakubisha. Alimshika mkono tu. Mimi pia nilikuwa pale Kamachumu, hatua chache nyuma. Kila mwezi naipima damu yangu, na kila mwezi kabla ya kufungua majibu nafunga mlango kwanza.

Ameacha kitengo chenye vyumba vinne vilivyo salama, stoo isiyo na chanzo hata kimoja cha mionzi, na mafundi aliowafundisha ambao sasa wako hadi Ngara na Karagwe. Ameacha alama za hatari zilizochorwa milangoni na tena sakafuni, ili hata ukuta ukianguka zisomeke. Kiti chake ameagiza nikikalie mimi, pamoja na safari ya kila mwaka ya Kamachumu. Nimekubali. Siwezi kusema nimekubali kwa furaha.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante, Mzee Haidari. Asante kwa kila mtu uliyemsogeza hatua tatu nyuma akakununia, akaenda nyumbani mzima. Asanteni mkewe, Bi. Yasmin, na watoto kwa kutuazima mtu ambaye hata nyumbani, tumesikia, husimama mbali na jiko.

Wiki ijayo unakwenda Dar es Salaam kuanza matibabu. Daktari amekutajia uwezekano wako kwa asilimia, nawe ukaitikia kwa kichwa kana kwamba umeelezwa bei ya ndizi. Sisi tuliokuwa mlangoni hatukuweza kuipokea hivyo. Kwenye wasifu kama huu watu humtakia mstaafu maisha mema. Mema umeshayatenda, tumeyaona kwa macho yetu. Sisi tunaogopa, Mzee wetu, na tunakuombea maisha.

Annastella Rugemalira
Kitengo cha Mionzi na Picha