Mbawakawa Kwenye Kola ya Mkwe

Wasikilizaji wapendwa, popote redio hii ilipokukuta, jikoni au kazini, sogea karibu kidogo. Wiki iliyopita ametutoka mwanamke ambaye wengi walimjua kwa jina moja tu: Mama Mbawakawa. Mama Mbawakawa wa jumba la makumbusho, chumba cha wadudu, ghorofa ya chini.

Kazi yake ilikuwa kuainisha jenasi moja, yaani ukoo mmoja, ya mbawakawa wanaokula majani. Ukoo mmoja tu, maisha yake yote. Wadudu wadogo kama punje ya mtama, mgongo unang'aa kama kifungo kipya. Alijua nani ni nani, na nani anaishi wapi. Ukutani alikuwa na ramani yenye vitone vyekundu, vyote mashariki ya milima. Huku kwetu magharibi, hata kimoja. "Hawavuki milima," alisema. Mtaalamu wa nyuki wa chumba cha jirani alipombishia, salamu zikakatika mwaka mzima.

Basi, mwanawe wa pekee akapata mchumba. Familia mbili zikakutana kwa chakula cha mchana, nyumbani kwa baba wa binti, fundi cherehani, mtu wa kola ngumu na maneno machache. Njiani kijana alimsihi: "Mama, leo nakuomba. Wadudu tuwaache nyumbani."

Akaahidi. Na alijitahidi, wasikilizaji. Alisifu mapazia. Alisifu mchuzi. Ndipo mama wa binti, kwa wema tu, akamuuliza, "Hao wadudu wako si wanafanana wote? Unawatofautishaje?"

Aulizwaye hujibu. "Kwa viungo vya siri vya dume," akasema. "Kwa nje huwezi kujua, lakini ukimpasua..."

Fundi akaweka kijiko chini.

Yangeishia hapo, tungeshukuru. Lakini kwenye kola ya fundi, nyeupe pe, kitu kiling'aa. Kikatembea. Kabla mwanawe hajamshika mkono, Mama Mbawakawa alikwishainuka, akapita juu ya mabakuli, akamkamata mkwe shingoni.

Binti wa fundi anakumbuka: "Ile kola hata mama alikuwa haigusi bila ruhusa."

Fundi akasimama. "Mama, mmekuja kuoa au kuninyonga?"

Hakusikia. Alikuwa ameketi sakafuni, mdudu ndani ya glasi, macho yamemlowa. "Huyu katoka wapi?"

"Bustanini kwangu. Wamejaa kwenye mchicha. Tangu nihamie hapa wananimalizia."

Mama Mbawakawa akaiinua glasi, akamtazama tena yule mdudu. Halafu akasema polepole, "Basi ramani yangu ni ya uongo."

Mwanawe anasema hajawahi kumwona mama yake amenywea vile. Uchumba aliuona unaondoka kwa miguu yake. Fundi akamtazama yule mama pale chini, akajirekebisha kola.

"Mimi niliwahi kumshonea bwana harusi suruali yenye miguu miwili ya kushoto," akasema. "Nikaifumua. Inuka, mkwe, ule, chakula kinapoa."

Wasikilizaji, ndoa ilifungwa. Na Mama Mbawakawa akaenda chumba cha jirani, akamwambia yule wa nyuki, "Ulisema kweli, nami nilikosea." Kitone kipya akakitia mwenyewe, magharibi ya milima. Alipomchunguza yule mdudu, akakuta ni spishi ambayo haijawahi kuandikwa popote. Akaipa jina la fundi.

"Nilikataa," fundi anatuambia. "Mla mchicha aitwe mimi? Lakini siku hizi jirani akija na dawa ya kupulizia, namrudisha. Namwambia hao ni familia."

Tunawapa pole kijana wake, mkewe na wajukuu. Pole kwa fundi. Pole kwa mtaalamu wa nyuki, ambaye mazishini ilibidi ashikwe mikono miwili.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Yupo mtu uliyebishana naye hadi mkanyimana salamu, na moyoni unajua alisema kweli. Nenda leo. Safari hii ukambishie hodi.