Burul Aliyepanda Kufagia Theluji

Wasikilizaji wapendwa, tumezika. Burul Satarova wa kijiji chetu cha milimani, Tash-Kechuu, mke wa Omurbek, amelazwa ardhini Alhamisi. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Burul alikuwa karani wa posta yetu mpaka posta ilipofungwa. Waya wa intaneti tuliahidiwa kwa miaka tisa. Nguzo zikaishia bondeni, kwa wenye barabara ya lami. Basi akauza farasi jike wake, aliyekuwa akimkamua maziwa, akawabembeleza majirani nao wakauza kondoo. Wakanunua antena mbili na paneli ya sola, wakazipandisha kwa punda hadi kilele cha mlima wetu, ambako mji wa wilaya unaonekana. Moja ikatazama mjini, nyingine kijijini. Mtandao ukashuka bila waya hata mmoja.

"Nilimcheka," anasema Omurbek. "Nilimwambia, mke wangu, umeuza maziwa ukanunua upepo. Akasema, ngoja, utausikia ukiongea."

Ukaongea. Wanetu walioko Moscow tukawaona nyuso. Muuguzi wetu, Zuura, akawa anashauriana na daktari wa mjini wakionana kwenye simu.

Kisha ikaja kampuni ya simu. Ikasema mtandao wa wanakijiji hauna kibali. Ikachukua antena, ikachukua na kilele, ikatuahidi fundi. Sisi tukaiachia.

Mwezi uliopita theluji ilifunika paneli, mtandao ukakatika. Mara tatu Burul alikwenda kwa farasi wa kuazima hadi ofisini kwao mjini. Mara tatu akaambiwa fundi yuko njiani.

Jumanne asubuhi mke wa jirani alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni. Barabara imefungwa na theluji. Zuura akamkimbilia Burul.

"Dada, peke yangu siwezi. Daktari lazima aone ninachofanya. Na simu yangu kamera imekufa."

"Chukua yangu," Burul akasema. "Mchana utampata."

Akabeba ufagio. Omurbek akataka kumsindikiza.

"Na goti hilo bovu? Nitashuka nimebeba ufagio na wewe juu."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwa mumewe.

Saa saba mchana mtandao ulirudi. Daktari akamwongoza Zuura, mtoto akazaliwa, wa kike, mzima. Kijiji kizima kikashika simu. Watu wakaongea na wana wao, wakacheka, wakatazama harusi za watu wasiowajua. Hakuna aliyeuliza nani kaurudisha. Omurbek peke yake alikuwa mlangoni, macho mlimani.

Jioni tulimkuta Burul chini ya jabali, ameshakufa. Zuura anasema baada ya kuanguka aliishi saa mbili, labda tatu. Saa mbili, wasikilizaji, na mtandao ukifanya kazi, na simu yake ikiwa mikononi mwa mwingine.

Siku ya maziko barabara ilikuwa imefunguliwa, ikafika barua ya kampuni. Inatoa pole. Inakumbusha pia kwamba kupanda kileleni bila ruhusa hakuruhusiwi. Omurbek aliisoma, akaikunja.

"Fundi hakuijua njia ya mlimani," akasema. "Barua imeijua njia ya msibani."

Tunampa pole Omurbek, watoto wake, na mama yake Burul, Bi Batma, ambaye bado anauliza kwa nini binti yake amechelewa. Nasi tulioshika simu mchana ule, na mimi nikiwamo, leo tuziweke chini kidogo. Tujiulize tulidhani ni nani aliyekuwa juu kule.