Gurudumu Lililosimama Pakavu

Wasikilizaji wapendwa, leo msinitegemee kubembeleza. Nimekuja na hasira na sitaificha. Tunamkumbuka fundi wa gereji ya hospitali, yule ambaye mji mzima ulimwita Fundi Difu. Miaka ishirini na sita alitengeneza magari ya wagonjwa. Amefia ndani ya gari la wagonjwa, kilomita nne kutoka chumba cha upasuaji. Narudia: ndani ya gari alilolitengeneza mwenyewe.

Difu ni lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma. Alilipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Binti yake anakumbuka akiwa na miaka saba. "Baba aliinua magurudumu yote mawili ya nyuma kwa jeki, gari likiwa kwenye gia. Akaniambia, 'Zungusha hilo lako, mama.' Nikazungusha langu mbele, lile la pili likaenda nyuma! Nilikimbia hadi jikoni. Baba alicheka mpaka akakaa chini."

Gari likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Difu linayaruhusu yapishane mwendo. Hapo halina ubaya. Lakini nguvu linagawa sawa kwa sawa. Gurudumu moja likiingia kwenye utelezi, halina cha kushika, linapokea nguvu kidogo tu. Basi na mwenzake aliye pakavu anapata kidogo hicho hicho. Moja linazunguka bure, jingine limesimama tuli. Ukizidi kukanyaga mafuta, unajichimbia shimo.

Dawa yake? Vuta kidogo breki ya mkono, ile inayokamata magurudumu ya nyuma peke yake. Lile linalozunguka bure linapata kizuizi, nguvu zinapanda, na la pakavu linapata zake. Mimi mwenyewe alinifundisha, huku akinicheka: "Redioni unaongea kama cherehani, kwenye tope umekuwa bubu!"

Sasa sikilizeni vizuri. Waya wa breki ya mkono wa gari lile alilofia ndani yake ulikatika. Fundi akaandika kwenye kitabu cha matengenezo, akiomba mpya. Aliandika mara nne. Kitabu nimekiona kwa macho yangu. Msimamizi wa magari alijibu kwa kalamu nyekundu: "Breki za mguu zinatosha." Miezi saba! Miezi saba, kwa ajili ya waya!

Jumanne, saa nne asubuhi, Fundi akiwa nyumbani, utumbo wake ulijisokota, ugonjwa wa kupasuliwa haraka. Gari likamfuata, likampakia, likafika kwenye kilima cha kiwanda cha mbao, pale bomba la maji lilipopasuka tangu mwaka jana. Likakwama. Gurudumu la kushoto kwenye tope, la kulia kwenye lami kavu. Watu wakasukuma, wapi!

Mkewe alikuwa kando yake. "Alisikia injini inanguruma. Akaniambia, 'Mwambie aache mafuta. Avute breki ya mkono.' Nikamwambia dereva. Akageuka, machozi yanamtoka: 'Mama, haina waya.' Mume wangu akafumba macho. Akasema, 'Kweli. Niliandika.'"

Trekta ilifika baada ya dakika hamsini. Fundi alikuwa ameshakata roho.

Tulimwita msimamizi aje hapa studio ajieleze. Ana kikao. Vikao haviishi, watu ndio wanaoisha.

Kwa mjane wake, kwa binti yake, na kwa dereva ambaye hali wala halali: poleni sana, tunalia pamoja nanyi. Na wewe mwenye kalamu nyekundu, popote ulipo, kabla hujaandika "zinatosha," jiulize nani atakuwa amelala nyuma ya gari.

Naondoka na hili, wapendwa. Waya ulifungwa. Ndiyo, ulifungwa! Asubuhi ya mazishi, ili gari libebe jeneza mbele ya wageni bila aibu. Kazi ya nusu saa. Kwenye kilima kile kile gurudumu la kushoto likaanza kuteleza. Dereva akavuta breki ya mkono kidogo, kama alivyofundishwa na marehemu.

Gari likapanda.